Picha Safi, Pumzi Hakuna: Jinsi Madaktari Wanavyolitafuta Bonge la Damu Kwenye Mapafu

Shika kalamu na daftari, maana leo tuna somo la baiolojia, fizikia kidogo, na jambo moja linaloweza kuokoa maisha ya mtu wa nyumbani kwenu.

Somo lenyewe limetoka kwa mwenzenu. Nilikuwa nimekwenda shule moja ya sekondari kuzungumza na kidato cha tatu juu ya moyo na mzunguko wa damu. Kengele ilipogongwa wote wakakimbilia uji, ila msichana mmoja akabaki amekaa. Akaniuliza taratibu, "Dada, hivi eksirei inaweza kudanganya?"

Nikamwuliza kwa nini. Ndipo akanieleza. Dada yake alijifungua kwa upasuaji. Mtoto salama, mama salama, wakarudi nyumbani. Siku ya tisa, akiwa anakunja nguo za mtoto, pumzi zikambana ghafla. Kila akivuta hewa, upande mmoja wa kifua unamchoma kama sindano. Wakampeleka hospitali, akapigwa eksirei ya kifua. Wakaambiwa mapafu ni safi, huenda ni kichomi tu, wakapewa dawa za maumivu. Alfajiri ya kesho yake alianguka akielekea chooni, na hakuamka tena.

"Picha ilikuwa safi," akasema. "Sasa dada alikufa na nini?"

Vijana, mimi si daktari. Sikuwepo siku hiyo na picha ile sikuiona, kwa hiyo sikuweza kumwambia kilichomwua dada yake. Lakini swali lake lina maana kubwa, kwa sababu upo ugonjwa unaoweza kumwua mtu ambaye eksirei yake haina doa hata moja. Unaitwa embolizimu ya mapafu. Maana yake ni bonge la damu iliyoganda kuziba mshipa unaopeleka damu kwenye mapafu. Leo tutajifunza jinsi madaktari wanavyoliona bonge hilo kwenye picha, na kwa nini wakati mwingine halionekani.

BONGE LINATOKA WAPI?

Tukumbushane kwanza. Vena ni mishipa inayorudisha damu moyoni. Ateri ni mishipa inayotoa damu moyoni. Mara nyingi bonge hili huanzia kwenye vena kubwa zilizo ndani kabisa ya mguu, kwenye shavu la mguu au paja.

Sasa lifuate kwa kidole kwenye mchoro wa kitabu chako. Bonge linakatika mguuni, linapanda na vena hadi tumboni, linaingia chumba cha juu cha moyo upande wa kulia, linashuka chumba cha chini cha kulia, kisha linasukumwa ndani ya ateri ya mapafu. Njia yote hiyo ilikuwa inazidi kupanuka, kwa hiyo bonge lilipita bila taabu. Lakini kuanzia hapo njia inaanza kugawanyika na kuwa nyembamba. Ni kama gogo linaloelea mtoni: kwenye mto mkubwa linapita, likiingia kwenye mifereji ya kumwagilia mashamba linakwama.

Likikwama, mambo mawili hutokea. La kwanza, sehemu ya pafu inapata hewa lakini haipati damu ya kuichukua oksijeni. Mtu anahema na bado oksijeni haimtoshi. La pili, upande wa kulia wa moyo unasukuma damu kwenye njia iliyozibwa. Upande huo una misuli myembamba, haukuzoea kazi nzito. Bonge likiwa kubwa, moyo unachoka na unaweza kusimama. Hicho ndicho kinachoua.

KWA NINI DAMU IGANDE?

Daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1840 na 1850 kwamba mabonge ya kwenye mapafu husafiri kutoka vena za mbali. Hadi leo madaktari hukumbuka mambo matatu kwa jina lake:

1. Damu kwenda polepole. Mfano: kulala kitandani muda mrefu, mguu uliofungwa plasta gumu, kukaa kwenye basi au ndege saa nyingi bila kunyoosha miguu.

2. Mshipa kuumia. Mfano: ajali, kuvunjika mfupa, upasuaji.

3. Damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Mfano: ujauzito na wiki 6 baada ya kujifungua, saratani, selimundu, na baadhi ya watu waliorithi hali hiyo kwa wazazi wao. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni navyo huongeza hatari kidogo. Usikimbilie kuvitupa! Ujauzito wenyewe una hatari kubwa kuliko vidonge hivyo. Muhimu ni kumweleza mhudumu wa afya historia yako kabla ya kuanza kuvitumia.

Angalia sasa mama aliyejifungua kwa upasuaji. Amelala kitandani, mshipa umeguswa na kisu, na damu yake bado ni ya ujauzito. Yote matatu anayo. Ndiyo maana pumzi ikikatika ghafla kwa mzazi mpya, neno "wasiwasi tu" lisiwe jibu la kwanza.

EKSIREI: INAONA NINI, HAIONI NINI?

Eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Ni mwanga usioonekana kwa macho unaopita mwilini. Penye hewa unapita kwa urahisi, hapo picha inakuwa nyeusi. Penye mfupa unazuiwa, hapo picha inakuwa nyeupe. Kwa hiyo mapafu, yaliyojaa hewa, huonekana meusi yakiwa na mistari ya kijivu ya mishipa.

Hapa ndipo swali la mwenzetu linapojibiwa. Bonge la damu ni damu. Damu inayotembea nayo ni damu. Zote mbili zinazuia mionzi karibu sawasawa. Kwenye eksirei ya kawaida huwezi kutofautisha mshipa wenye damu inayotembea na mshipa uliozibwa na damu iliyoganda. Ni kama kutafuta kipande cha barafu ndani ya ndoo ya maji ukiwa umesimama mbali: kipo, lakini hukioni.

Zipo alama chache ambazo daktari mzoefu anaweza kuzitambua. Mwaka 1938 daktari Nils Westermark wa Sweden alieleza eneo la pafu linaloonekana jeusi kupita kiasi kwa sababu mishipa yake imekosa damu. Mwaka 1940 madaktari Aubrey Hampton na Benjamin Castleman wa Marekani walieleza kivuli cheupe kilichoegemea ukingo wa pafu, mahali ambapo nyama ya pafu imekosa damu ikaumia. Lakini usidanganyike, alama hizi haziji kwa wagonjwa wengi. Wengi eksirei yao huwa safi, au huwa na kasoro ndogo zisizosema lolote.

Sasa eksirei ina faida gani? Ina faida kubwa. Inatafuta magonjwa mengine yanayobana pumzi: nimonia, maji kwenye kifua, hewa iliyovuja nje ya pafu. Ikiwa mtu anahema sana, oksijeni iko chini, halafu eksirei ni safi, daktari mwangalifu hasemi "huyu mzima." Anajiuliza, "Kama si nimonia, wala maji, wala hewa iliyovuja, basi ni nini kinambana?" Andika hilo kwenye daftari na upigie mstari: eksirei safi kwa mtu anayekosa pumzi ni sababu ya kuendelea kutafuta.

SITI SKANI: KUING'ARISHA DAMU

Kipimo kinachotumika zaidi siku hizi kulitafuta bonge hili ni siti skani yenye dawa ya kung'arisha. Mashine hii inapiga eksirei kutoka pande zote za mwili, halafu kompyuta inaunganisha picha hizo na kutoa vipande vyembamba, kama slesi za mkate. Mgonjwa wa kwanza alipigwa skani hiyo London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack. Huyu Cormack alizaliwa Johannesburg, na hesabu zake alianza kuziwaza mwaka 1956 alipokuwa akisaidia idara ya mionzi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Kwa hiyo usije ukadhani Afrika haina mkono katika mashine hii!

Hounsfield alituachia pia kipimo cha weupe na weusi. Hewa ni −1000. Maji ni 0. Damu ya kawaida ni kama 40, na bonge halipishani nalo sana. Unaona tatizo? Hata skani bila dawa inaweza kulikosa bonge, kwa sababu namba zao zimekaribiana.

Kwa hiyo mgonjwa anachomwa sindano ya dawa yenye madini joto, ile iodini tunayoijua kwenye chumvi ya mezani, ila hii imetengenezwa maalumu kwa kazi hiyo. Madini joto yanazuia mionzi vizuri. Dawa inaingia kwenye vena ya mkono, inapita moyo wa kulia, na ndani ya sekunde chache iko kwenye ateri za mapafu. Mgonjwa anasikia joto mwilini, wengine wanadhani wamejikojolea, kumbe wala. Anaambiwa, "Vuta pumzi, shikilia hapo hapo." Mashine inapiga.

Sasa damu yenye dawa imepanda kupita 200, inang'aa nyeupe. Bonge halikuingia dawa, limebaki kijivu. Pale palipotakiwa kuwa peupe pana kipande cheusi. Huo ndio msingi wote wa kulitambua bonge: daktari anatafuta pengo la giza ndani ya mshipa unaong'aa.

ALAMA SITA ANAZOTAFUTA DAKTARI

Chora mwenyewe kwenye daftari, ni rahisi.

1. Bangili. Mshipa umekatwa kwa upana. Katikati kuna duara la kijivu, limezungukwa na ukingo mweupe wa damu inayopita pembeni.

2. Reli. Mshipa huohuo umekatwa kwa urefu. Unaona mistari miwili myeupe na giza katikati yake.

3. Mshipa uliozibwa kabisa. Hakuna weupe hata kidogo. Mara nyingi mshipa wenyewe umetanuka kuliko wenzake wa jirani.

4. Tandiko. Bonge refu limekaa mahali ateri ya mapafu inapogawanyika kwenda kulia na kushoto, limening'inia pande zote mbili kama tandiko mgongoni mwa punda. Hili hutisha kulitazama.

5. Moyo uliolemewa. Kwa kawaida chumba cha chini cha kushoto huonekana kikubwa kuliko cha kulia. Kikionekana cha kulia ndicho kikubwa, na ukuta wa katikati umesukumwa kushoto, moyo unaomba msaada.

6. Sambusa. Kipande cha pafu kilichokosa damu huweza kuonekana kama pembetatu, upande mpana ukiegemea ukingo wa nje wa pafu. Ni kivuli kilekile cha mwaka 1940, ila hapa kinaonekana wazi zaidi.

Mbona rahisi, si ndiyo? Ngoja kwanza. Mgonjwa akipumua wakati wa picha, mishipa inatikisika na kufanya vivuli vya uongo. Picha ikipigwa mapema kabla dawa haijafika, mshipa mzima unaweza kuonekana kama una bonge. Vena za mapafu nazo zinaweza kufananishwa na ateri. Ndiyo maana daktari wa picha hatazami slesi moja akatoa hukumu. Anaufuata mshipa mmoja slesi baada ya slesi, kama unavyofuata barabara kwenye ramani. Bonge la kweli linaonekana tena kwenye slesi inayofuata, tena lina ukingo unaoeleweka.

Skani hii haifanywi ovyo. Ina mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida. Mtu mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, au aliyewahi kudhurika kwa dawa ya kung'arisha lazima aseme mapema. Daktari atapima faida na hatari.

KAMA SITI SKANI HAIPO?

Najua utauliza hili, maana siti skani haiko kila wilaya. Zipo njia nyingine.

Altrasaundi ya mguu. Hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi. Mtaalamu anaubonyeza mshipa kwa kile kifaa cha mkononi. Vena nzima inabonyea kama mrija wa plastiki laini. Vena yenye bonge inagoma kubonyea. Mtu anayekosa pumzi akikutwa na bonge mguuni, dawa ya kuanza nayo kwa kawaida ni ileile, kwa hiyo kipimo hiki kinaweza kutosha kuanza tiba. Lakini kumbuka: mguu ukiwa safi, mapafu hayajasafishwa! Bonge lote linaweza kuwa limeshahama.

Altrasaundi ya moyo. Inaonyesha kama upande wa kulia umetanuka. Inaweza kufanywa kitandani kwa mgonjwa aliye mahututi asiyeweza kusogezwa.

Picha ya hewa na damu. Mgonjwa anavuta hewa yenye mionzi kidogo, kisha anachomwa sindano ya chembe zenye mionzi kidogo. Kamera inachora hewa imefika wapi na damu imefika wapi. Hewa ikifika mahali ambapo damu haikufika, hapo pana shaka ya bonge. Kipimo hiki husaidia kwa baadhi ya wajawazito na wenye figo mbovu.

Na ikiwa daktari ana shaka kubwa, haimlazimu kukaa akisubiri picha. Anaweza kuanza dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda, kwa mfano heparini, huku mgonjwa akipelekwa hospitali kubwa.

Dawa hiyo inasaidia kweli? Mwaka 1960 madaktari wawili wa Bristol, Uingereza, Barritt na Jordan, walitoa matokeo ya jaribio dogo tu. Kati ya wagonjwa 19 ambao hawakupewa dawa za kuzuia kuganda, 5 walikufa kwa ugonjwa huu. Kati ya 16 waliopewa, hakufa hata mmoja kwa ugonjwa huu. Tiba ipo, tena si ya jana. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuushuku ugonjwa mapema.

SERENA NAYE ILIBIDI ASEME

Wapenzi wa michezo mnamjua Serena Williams, bingwa wa tenisi wa Marekani. Mwaka 2010 alikatwa na chupa mguuni, akafanyiwa upasuaji mara mbili na kufungwa mguu. Mapema mwaka 2011 alikutwa na bonge kwenye mapafu. Akatibiwa, akarudi uwanjani, na mwaka 2012 akachukua ubingwa wa Wimbledon na medali ya dhahabu ya Olimpiki London.

Tarehe 1 Septemba 2017 alijifungua binti yake kwa upasuaji wa dharura. Siku iliyofuata pumzi zikambana. Mwenyewe ameeleza hadharani kilichotokea. Alitoka chumbani ili mama yake asishtuke, akamwambia muuguzi, huku anahema, kwamba anahitaji siti skani yenye dawa ya kung'arisha na heparini, haraka. Muuguzi akadhani labda dawa za maumivu zimemchanganya akili. Serena akashikilia msimamo wake. Akaja daktari, akaanza na altrasaundi ya miguu. Haikuonyesha kitu. Serena akarudia: siti skani, na dawa. Walipompiga skani, wakayakuta mabonge madogo kadhaa kwenye mapafu. Akawekewa heparini. Safari yake haikuwa rahisi, maana baadaye alivuja damu tumboni na kurudishwa chumba cha upasuaji, lakini alipona na kumlea mwanawe.

Sijaleta habari hii ili tuwaseme wauguzi. Wodi moja inaweza kuwa na wagonjwa wengi na muuguzi mmoja. Nimeileta kwa sababu mashine zote zilikuwepo, na bado bonge lisingeonekana siku ile kama asingesema mtu wa kuielekeza mashine mahali pa kutazama. Ikiwa bingwa wa dunia ilibidi aseme mara mbili, sembuse dada yetu wa kijijini anayeona aibu hata kumwuliza daktari jina la dawa?

Nilimjibu hivi yule msichana: eksirei haidanganyi, ila inajibu lile inaloulizwa. Ukiiuliza kama kuna nimonia, itakujibu. Ukiiuliza kama kuna bonge, kwa kawaida haina jibu. Akakaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo sisi nyumbani hatukukosea kumpeleka." Nikamwambia hapana, hamkukosea hata kidogo. Mlifanya lililo sahihi.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, zijue dalili: pumzi kukatika ghafla bila sababu, kifua kuchoma unapovuta hewa, moyo kwenda mbio, kukohoa damu, kizunguzungu au kuzimia. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, tofauti na mwenzake, ni onyo kubwa. Si kila kichomi ni bonge, magonjwa mengi hufanana na huu. Ndiyo maana kazi ya kutenganisha ni ya hospitali, si ya jirani wala ya duka la dawa.

Pili, mguu mmoja uliovimba ghafla usichuliwe na mafuta wala kukandwa. Nenda hospitali.

Tatu, ukimsindikiza mgonjwa, kuwa mdomo wake. Mtu anayehema hawezi kujieleza. Sema mambo matatu kwa ufupi: nini kimetokea leo, kimeanza saa ngapi, na nini kilimpata wiki za karibuni. Mfano: "Daktari, huyu dada yangu pumzi zimembana ghafla leo saa mbili asubuhi. Amejifungua kwa upasuaji siku tisa zilizopita. Mguu wa kushoto umevimba." Kisha uliza kwa heshima: "Samahani daktari, haiwezi kuwa damu iliyoganda kwenye mapafu?" Kuuliza si utovu wa adabu. Na mkiruhusiwa kurudi nyumbani halafu hali ikabadilika, rudini saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane.

Nne, kinga. Baada ya upasuaji au kujifungua, mgonjwa aanze kutembea mapema kadiri daktari anavyoruhusu. Ukilazimika kulala kitandani, chezesha nyayo juu na chini. Kwenye safari ndefu, basi likisimama ili abiria wachimbe dawa, shuka na wewe unyooshe miguu hata kama huna haja. Na sigara achana nayo.

JIPIME

1. Kwa nini bonge linalotoka mguuni hukwama kwenye mapafu na si kwenye vena ya tumbo?

2. Kwa nini eksirei ya kawaida haiwezi kutofautisha bonge na damu inayotembea?

3. Kwenye siti skani yenye dawa ya kung'arisha, bonge lina rangi gani na damu ina rangi gani?

4. Altrasaundi ya miguu ya Serena haikuonyesha kitu. Je, hiyo ilithibitisha kwamba mapafu yake hayana bonge?

Majibu: (1) Vena huzidi kupanuka kuelekea moyoni, ateri za mapafu huzidi kuwa nyembamba. (2) Zote ni damu, zinazuia mionzi karibu sawa. (3) Bonge ni kijivu kizito, damu ni nyeupe. (4) Hapana. Bonge linaweza kuwa limeshahama kutoka mguuni.

Umepata yote manne? Hongera! Sasa usilifungie somo hili kwenye daftari. Jioni ya leo msomee mama, shangazi au dada mwenye ujauzito ile sehemu ya dalili. Kama na wewe una swali linalokukaa moyoni, usione haya kutuandikia, kama mwenzenu yule aliyebaki darasani. Tukutane toleo lijalo!